Kijana wa Buyenzi na orodha ya makaratasi ya wafanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mama huyu anauza ndagala na mahindi katika soko la Ruvumera, na ameomba jina lake lisiandikwe gazetini. Mahindi yake hutoka Tanzania kupitia Kabanga na Kobero. Mwaka jana aliandika barua ya bei kwa mnunuzi mmoja mkubwa wa hapa mjini, na kwa kuwa mnunuzi alitaka kila muuzaji ataje kiwango cha ubora, mama alitafuta kwenye tovuti ya ofisi moja orodha ya viwango vya Afrika Mashariki. Akakuta mstari wa mahindi, akanakili: EAS 2:2013. Barua ikarudishwa. Toleo la 2013, aliambiwa, lilikwisha kubadilishwa na toleo la 2017. Aliposahihisha na kurudi, muda wa kupokea barua ulikuwa umepita.

"Mahindi yalikuwa makavu, mazuri kabisa," anasema. "Tarakimu moja ndiyo iliyonikosesha."

Msomaji wa gazeti hili aliyezoea mpaka anaijua hali hiyo kwa sura nyingine: fomu ya zamani, bei ya zamani, tangazo lililobandikwa ukutani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mimi nilitaka kujua jambo dogo tu: mwaka usio sahihi unawezaje kukaa kwenye tovuti miaka yote hiyo wakati hati sahihi iko kabatini? Jibu nililipata katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi huko Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani, kwa kijana anayewatunzia wafanyabiashara kadhaa wa ziwani na wa barabara ya Kobero orodha ya nyaraka zao.

Naye hakunipa maneno mengi. Alifungua kompyuta akanionyesha faili moja la maandishi matupu, lisilo na rangi wala picha. Ndani yake kila hati ina kadi yake, kama zile kadi za maktaba za zamani. Mstari wa kwanza wa kadi unasema hii ni hati ya aina gani: kitabu, ripoti, makala, au kiwango. Unaofuata ni wa mwandishi, halafu jina la hati, halafu mwaka, namba, mahali ilipochapishwa, na anwani ya kuipata. Basi. Faili lina kadi mia na zaidi, na lote linaingia kwenye simu bila simu kujua kama imebeba kitu.

"Hili ni ghala," alisema. "Ukurasa unaouona kwenye tovuti ni meza ya sokoni. Huwezi kubadilisha mali mezani ukaacha ghala lina mali nyingine."

Hapo ndipo lilipo kosa lililomponza yule mama. Katika ofisi nyingi orodha ya machapisho huchapwa kwa mkono kila inapohitajika. Katibu anayo moja kwenye kompyuta yake, mtu wa tovuti anayo ya pili aliyoichapa upya kutoka kwenye karatasi, na ya tatu ni picha iliyopigwa kwa mashine ya skana. Toleo jipya likitoka, ya kwanza husahihishwa, nyingine mbili husahauliwa. Hakuna aliyedanganya. Ni mikono mitatu inayofanya kazi ambayo mkono mmoja na programu moja vingeimaliza.

Ufundi wenyewe si wa jana. Mpangilio wa kadi unaotumiwa na kijana huyu unaitwa BibTeX. Ulitolewa mwaka 1985 na Oren Patashnik akishirikiana na Leslie Lamport, Marekani, kwa ajili ya wanasayansi waliochoka kuandika upya orodha ya vitabu mwishoni mwa kila makala. Baadaye watafiti wawili wa Ufaransa, Jean-Christophe Filliâtre na Claude Marché, wakatengeneza programu ndogo iitwayo bibtex2html, ambayo hulisoma faili la kadi na kutoa ukurasa wa tovuti ulio tayari. Asiyependa kuandika amri kwenye dirisha jeusi anaweza kutumia JabRef, au Zotero iliyozaliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason. Zote hizo ni za bure, na duka la Buyenzi lina mbili kati yake.

Nilimwomba anifanyie nione. Aliandika amri fupi yenye maelekezo mawili: panga kwa tarehe, kisha geuza ili ya karibuni itangulie. Sikuwahi hata kunywa chai yangu. Ukurasa ulikuwa tayari, kila hati na mstari wake, kila anwani ikiwa ya kubonyezwa.

Lakini ukurasa wa kwanza uliotoka ulinichekesha. Juu kabisa kulikuwa na mwandishi aitwaye "J. ya Afrika Mashariki".

Huyo si mtu. Ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana aliingiza makusudi kadi isiyosahihishwa ili anionyeshe. Programu hizi zilitengenezwa na watu ambao majina yao huanza na la kwanza na kuishia na la ukoo, na baadhi yao wana kijineno katikati kinachoanza na herufi ndogo, kama "von" la Wajerumani. Kwa hiyo programu ikikuta "Jumuiya ya Afrika Mashariki" inafikiri imekutana na bwana mmoja aitwaye Jumuiya, wa ukoo wa Afrika Mashariki, na kama mtindo ni wa kufupisha majina humkata Jumuiya na kubaki na J. Benki kuu yetu inapata adhabu hiyo hiyo: Banque de la République du Burundi inatoka kama "B. de la République du Burundi", kana kwamba ni mtoto wa mkabaila wa Ufaransa.

Dawa yake ni rahisi ukishaijua. Jina la taasisi hufungwa ndani ya mabano mawili-mawili yaliyopinda, na programu hulichukua kama furushi moja lisilofunguliwa. Katika Zotero kuna kitufe cha kusema kwamba jina hili ni la sehemu moja tu.

Majina ya watu ndiyo yanayouma zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili linamhusu hata yule asiyejali tovuti. Burundi, kwa desturi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Si lazima lifanane na la baba, wala la kaka. Tena ofisini tumezoea kuanza na jina hilo la Kirundi, kwa herufi kubwa, kisha la ubatizo au la Kiislamu. Tuchukue jina la mfano, NDUWIMANA Clarisse. Programu ya kigeni ikilisoma hivyo bila mkato katikati, inaamua kwamba ukoo wake ni Clarisse. Ripoti yake inapangwa kwenye herufi C, imeandikwa "N. Clarisse", na anayemtafuta Nduwimana hampati. Akiandika ripoti ya pili na mtu mwingine akaiingiza kwa mkato unaostahili, tovuti sasa ina watu wawili: N. Clarisse mwenye ripoti moja na C. Nduwimana mwenye moja.

Wangapi kati yetu tumesimama dirishani mpakani huku ofisa akilinganisha kitambulisho na cheti cha asili ya bidhaa, majina yakiwa yale yale ila yamepinduliwa? Mfumo wa biashara rahisi wa Jumuiya unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zinazokubaliwa kutumia cheti rahisi, na cheti hicho kina nafasi ya jina kama kadi ya kijana huyu. Mkato mmoja una thamani. Kwenye faili lake kanuni ni moja: jina la Kirundi kwanza, mkato, kisha jina la pili, kwa kila mtu bila kubagua.

Kuna mtego mwingine wa lugha. Waandishi wakiwa wawili, BibTeX hutaka watenganishwe kwa neno moja tu la Kiingereza, "and". Mfaransa wetu huandika "et", Mswahili huandika "na", na programu inawaunganisha watu wawili kuwa mmoja mwenye jina refu la ajabu. Wengine huandika mkato kati ya watu, nao mkato tumeona kazi yake ni nyingine. Kijana anasema sehemu kubwa ya kazi yake si kompyuta. Ni kusahihisha "et".

Na herufi zenye alama. Nchi hii inaandika Kifaransa, na Kifaransa kina "é" kila mahali. Faili likihifadhiwa kwa usimbaji mmoja na ukurasa ukasomwa kwa mwingine, Université inageuka kuwa "UniversitÃ©". Umeyaona madude hayo hata kwenye matangazo ya zabuni. Tiba ni kuhifadhi kila kitu katika UTF-8 na kuhakikisha ukurasa nao umeandikwa kuwa ni UTF-8, mwanzo hadi mwisho wa safari. Aidha baadhi ya mitindo hushusha herufi kubwa zote za kichwa cha hati isipokuwa ya kwanza, na hapo Tanganyika inakuwa tanganyika na FAO inakuwa fao. Mabano yaliyopinda huokoa hapo pia.

Kufikia hapa mama wa Ruvumera, aliyekuja nami, alikuwa amechoka na mabano. Aliuliza swali lililokuwa bora kuliko yangu yote: "Humo ndani kuna habari za ndagala?"

Kumbe zipo, na nyingi zilichapishwa hapa hapa Bujumbura.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Finland hasa, liliendesha mradi wa utafiti wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Mradi uliwekwa Bujumbura, ukawa na vituo Kigoma, Uvira na Mpulungu. Walipima maji, wakahesabu mitumbwi na nyavu, wakachunguza uvuvi na wanaoishi kwa uvuvi. Ripoti zao za kiufundi zilipewa namba mfululizo. Ya 80, kwa mfano, ni ya mwaka 1998, ya Coenen, Paffen na Nikomeze, na inalinganisha kiasi cha samaki kinachopatikana kwa juhudi ya uvuvi katika sehemu na zana mbalimbali za ziwa. Namba yake kamili ni GCP/RAF/271/FIN-TD/80.

Soma tena namba hiyo. Nani sokoni angeitafuta? Anayeijua ni yule aliyekwisha kuisoma.

Na hata ukitafuta kwa neno, neno gani? Samaki mdogo wa fedha anayelisha mji huu ni ndagala kwetu, dagaa akifika Kigoma, kapenta akishuka Zambia. Wataalamu wanamwita Stolothrissa tanganicae, na mwenzake Limnothrissa miodon. Mukeke wetu ni mgebuka kwa Watanzania na Lates stappersii kwa wataalamu. Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mara nyingi kichwani hakuna hata moja ya majina ya sokoni. Mfanyabiashara anaandika "dagaa" kwenye simu, hapati kitu, anaamini hakuna kilichoandikwa. Kumbe kilichokosekana ni neno, hati ipo.

Kadi ina nafasi ya hilo. Ni mstari wa maneno ya kutafutia, ambao waandaaji wengi huuacha wazi. Kijana alifungua kadi ya ripoti ya 80 na kwenye mstari huo akaandika: ndagala, dagaa, kapenta, mukeke, migebuka, Ziwa Tanganyika, nyavu, Kigoma, Uvira, Mpulungu. Ilimchukua muda wa kumenya ndizi. Mstari huo haubadilishi ripoti hata nukta, ila ukitoka pamoja na ukurasa, anayetafuta kwa lugha yake anafika.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo programu haitaifanya peke yake, na ambayo ofisi za Jumuiya zingepaswa kuilipia. Mtu anayejua majina matatu ya samaki mmoja yuko sokoni. Hayuko kwenye chumba cha kompyuta. Tangu mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zina mkataba wa pamoja wa kulitunza ziwa hili, na mamlaka yake, Lake Tanganyika Authority, ina sekretarieti hapa Bujumbura. Hati zinazotokana na ushirikiano huo si za kusomwa na mabalozi tu. Tanzania iliposimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, aliyekuwa na taarifa mapema alinunua na kukausha. Aliyeisikia gatini alikuta meza tupu.

Nilimuuliza kijana kwa nini asipige picha karatasi zote akaziweka kwenye tovuti, kama wengi wafanyavyo. Akachukua kalamu. Kadi moja ni herufi kama 300. Kadi 100 ni herufi 30,000, yaani kama kilobaiti 30. Picha moja ya ukurasa mmoja uliopigwa skana vibaya inaweza kufika megabaiti nzima, zaidi ya mara 30 ya orodha yote. Anayenunua bando la siku moja akiwa Kobero anaelewa hesabu hiyo bila mwalimu. Tena picha haitafutiki: simu haiwezi kusoma neno ndani yake ila kwa programu nyingine, na msomaji hawezi kunakili namba ya kiwango akaibandika kwenye barua. Atainakili kwa mkono, na tunajua mkono uliifanyia nini 2017.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi zake alisikia, akaingilia. Yeye alikuwa na duka soko kuu la Bujumbura, lile lililoungua tarehe 27 Januari 2013. "Mwanangu, mali ilichomeka, sawa, mali hununuliwa," alisema. "Lakini daftari langu lilikuwa humo. Nani ananidai, nani namdai, vyote vilikwenda na moshi." Aliuliza kama faili hilo nalo likiungua kompyuta ndiyo basi. Kijana alitoa simu, akamwonyesha nakala, kisha akamwambia nakala nyingine iko kwa shangazi yake Rumonge. Faili la maandishi matupu lina heshima hiyo: halihitaji programu maalumu kulifungua, na litasomeka hata kama programu zote nilizozitaja zitakufa.

Nisiwafiche, kazi hii ina uchovu wake. Kuingiza kadi za kwanza kulimchukua wiki kadhaa za jioni. Hati nyingi hazina mwaka, au zina mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kutolewa, na lazima uamue. Anwani za tovuti hufa. Ulichokiunganisha Januari kinaweza kisifunguke Juni, kwa hiyo kila mwezi anapitia zote moja moja. Na viwango hasa havitaki mzaha. Kadi ya kiwango lazima ioneshe toleo lililopo na toleo lililobadilishwa, maana mwenye mkataba wa zamani bado anahitaji kujua alitia saini juu ya kitu gani. Kwa hiyo hafuti EAS 2:2013. Ameiacha na mstari wa maelezo unaosema imebadilishwa na EAS 2:2017, na katika ukurasa inatoka chini ya ile mpya. Naye hukumbusha kila mteja athibitishe toleo kwenye ofisi ya viwango kabla ya kutia saini, kwa sababu orodha yake ni ya kuonyesha njia, si ya kisheria.

Wanaomlipa ni wafanyabiashara wenyewe, kila mmoja kidogo, kama wanavyochangia ulinzi wa usiku. Anayetaka kuanza nyumbani, alisema, asianze na kadi 100. Aanze na hati kumi anazozishika mara kwa mara: kiwango cha bidhaa yake, fomu ya cheti rahisi, orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, tangazo la ushuru la mwaka huu. Aziingize Zotero, aangalie majina, aweke maneno ya kutafutia kwa Kiswahili na Kirundi, kisha aamuru itoe orodha kwa ajili ya tovuti. Asiye na tovuti aitume kwa wenzake kwa simu. Ukurasa huo hufunguka kwenye kivinjari chochote hata bila mtandao.

Tulipokuwa tukiondoka, mama alirudi mlangoni. Alikuwa amekumbuka kitu.

"Kijana, Uvira hawasemi ndagala kila mtu. Wengine wanasema lumbu kwa yule mkubwa kidogo. Uliandika?"

Hakuwa ameandika. Alivuta kiti, akafungua kadi tena, akamwomba mama amtajie herufi moja moja.